Kidonge cha bei rahisi hakina mchuuzi

Jumapili, soko la Kibuye mjini Kisumu hufurika hadi kando ya barabara, na wauza dawa za miti wana sehemu yao. Magunia yamefunguliwa midomo: magome ya ober, vipande vya tunda la yago, mizizi ya ochuoga iliyofungwa mafungumafungu, unga wa kahawia ndani ya chupa zilizowahi kuwa za soda. Mteja wa hapa haanzi kwa kuuliza bei, huanza kwa kueleza ugonjwa. Akitaja ndulme, kifafa kwa Kidholuo, mazungumzo huchukua muda, kwa sababu dawa yake hainunuliwi mara moja. Ni mteja wa kurudi, na kila mfanyabiashara anamtamani.

Mchuuzi wa mizizi sasa ana mshindani. Mawakala wa mauzo ya mtandao huingia ofisini, kanisani na majumbani na pakiti zenye maandishi ya Kichina, na hupata kamisheni kwa bidhaa na kwa kila wakala mpya wanayemwingiza. Wengi wao ni majirani wanaotafuta riziki, si matapeli. Lakini mfumo wenyewe humlipa anayeahidi zaidi, na familia yenye mtoto anayeanguka kila wiki haihitaji kushawishiwa sana.

China ina historia ndefu ya kutibu kifafa kwa mitishamba. Hutumia kiazi cha tianma, okidi isiyo na majani inayoishi kwa kutegemea kuvu, na vijiti vyenye ndoano vya gouteng, mara nyingi vikichanganywa na nge waliokaushwa. Hata hivyo, wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walipopima majaribio yaliyokuwapo mwaka 2009, hawakuona ushahidi wa kutosha kupendekeza tiba hizo. Ochuoga nayo iko njiani tu: watafiti wa Nigeria walichapisha mwaka 2008 kwamba dondoo la magome ya mizizi yake lilipunguza degedege kwa panya. Kutoka panya hadi binadamu ni safari ndefu, na hakuna mchuuzi anayeweza kuikatisha.

Hatari kubwa zaidi ni kile kisichoandikwa kwenye pakiti. Mwaka 2000 madaktari wa Hong Kong waliripoti mgonjwa aliyepata sumu ya fenitoini, dawa ya hospitali ya kifafa, baada ya kutumia dawa za Kichina za dukani. Anayemeza kitu kama hicho huona nafuu akaisifu mizizi, kumbe anakunywa kemikali asiyojua kipimo chake. Siku akiiacha ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu hata kikamuua.

Dawa yenyewe ipo, na ni ya zamani. Fenobabitali imetibu kifafa tangu 1912. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa vizuri, na kwamba matibabu yanaweza kugharimu dola 5 tu kwa mwaka, takriban shilingi 650 za Kenya. Kibiashara, hapo ndipo tatizo lilipo. Kidonge cha bei hiyo hakimpi mtengenezaji wala mwenye duka la dawa faida ya maana. Tena kiko chini ya mkataba wa kimataifa wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo kukiagiza kunahitaji vibali. Hakina wakala wala kipaza sauti. Kikikosekana kwenye zahanati, mgonjwa anaambiwa arudi wiki ijayo, na kabla ya wiki ijayo kuna Jumapili ya Kibuye.

Gharama ya kukikosa kidonge hicho haionekani kwenye vitabu vya mtu yeyote. Kando ya Ziwa Victoria, kazi karibu zote ni za maji au moto. Mvuvi akianguka ndani ya mtumbwi anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha goti; mama anayekaanga samaki akianguka jikoni anaungua. Mtu wa namna hii huachishwa kazi mapema, na bado nyumba yake inauza mbuzi kununua chupa ya pili na ya tatu.

Ajabu ni kwamba mawili ambayo China imefanya vizuri zaidi dhidi ya kifafa hayamo kwenye pakiti za mawakala. La kwanza lilifanyika vijijini mwake. Katika mradi ulioshirikisha WHO, madaktari wa vijiji waliwapa wagonjwa 2,455 fenobabitali ileile. Kwa mujibu wa matokeo ya 2006, kati ya waliomaliza miezi 12, asilimia 68 walipungukiwa na mianguko kwa nusu au zaidi. La pili ni mmea wa qinghao, ambao Tu Youyou alitoa artemisinini ndani yake na kutuzwa Nobel mwaka 2015. Malaria ya ubongo huwaachia baadhi ya watoto kifafa cha maisha, na ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi zaidi Kenya. Ndiyo sababu chanjo ya malaria ilizinduliwa Homa Bay mwezi Septemba 2019. Kila mtoto wa Siaya au Migori anayewahishiwa dawa yenye artemisinini anaweza kuepushwa na ndulme.

Usimamizi wa soko hili umegawanyika. Waganga husajiliwa kupitia idara ya utamaduni, na bidhaa zilizofungashwa husajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Bodi ianze na pakiti za kifafa zinazozunguka Kisumu, izipime maabara na itangaze kilichomo. Serikali za kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia nazo ziweke fenobabitali kwenye kila zahanati, mwaka mzima, hata kama hakuna anayefaidika kuiuza. Na wewe mzazi, ukiamua kununua mizizi, nunua. Lakini usimwachishe mtoto kidonge cha hospitali bila kumwuliza daktari.