Utunzaji wa injini ya pawatila katika ardhi isiyo sawa

Utunzaji wa injini ya pawatila katika ardhi isiyo sawa ni jumla ya taratibu zinazozuia injini ya trekta dogo la mkono isiharibike inapolima kwenye mteremko, matuta, mashimo au visiki. Pawatila ni trekta la magurudumu mawili ambalo dereva huliongoza kwa mikono akitembea nyuma yake. Nyingi huwa na injini ya dizeli ya silinda moja.

Nchini Tanzania mashine hizi zilienea zaidi baada ya serikali kutangaza mpango wa Kilimo Kwanza mwaka 2009. Hutumika hasa katika mashamba ya mpunga, na zikifungwa tela hubeba mizigo.

Mazingira ya Ipole

Ipole ni kata ya Wilaya ya Sikonge katika Mkoa wa Tabora, kwenye barabara inayotoka Tabora kuelekea kusini. Eneo hilo ni la misitu ya miombo, na wakulima wake hulima tumbaku, mahindi na mazao mengine. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili.

Mashamba yaliyofyekwa msituni hubaki na visiki na mizizi kwa miaka mingi. Vichuguu vya mchwa ni vya kawaida, na matuta ya msimu uliopita hufanya gurudumu moja kuwa juu na lingine chini. Mabondeni, kwenye mbuga, udongo wa mfinyanzi hupasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua. Kwa kuwa msimu ni mmoja, injini ikiharibika wakati wa kulima mkulima huchelewa kupanda, na mavuno ya mwaka mzima yanaweza kupungua.

Mwinamo na oili

Oili hukaa chini ya injini. Katika baadhi ya injini husukumwa na pampu. Katika nyingine hurushwa na kijiko kidogo kilichofungwa chini ya mkono wa pistoni. Injini ikiinama sana, oili hukimbilia upande mmoja. Pampu huanza kuvuta hewa, au kijiko hakifikii oili, na beringi husagika kwa dakika chache tu. Oili pia inaweza kuingia kwenye silinda na kuungua, ikitoa moshi wa rangi ya bluu.

Kwa injini nyingi ndogo kikomo cha mwinamo wa kufanyia kazi ni kati ya digrii 15 na 25, lakini kipimo cha kufuata ni kile cha kitabu cha mashine yenyewe. Mwinamo huo hufikiwa kwa urahisi kuliko inavyodhaniwa. Pawatila yenye magurudumu yaliyoachana sentimita 60, gurudumu moja likiwa ndani ya mfuo wa kina cha sentimita 15, huinama kwa digrii 14 hivi hata kama shamba ni tambarare.

Kwenye mteremko, mwinamo wa mfuo huongezeka juu ya ule wa ardhi endapo mfuo uko upande wa chini. Ukiwa upande wa juu, miinamo hiyo hupunguzana. Kwa hiyo inafaa kulima kukingama mteremko, kuanzia juu kushuka chini, huku plau ikitupa udongo upande wa juu. Njia hiyo pia hupunguza udongo unaosombwa na mvua. Plau isiyogeuzwa hutupa udongo upande mmoja tu, hivyo dereva hulazimika kurudi bila kulima.

Kipimo cha oili huchukuliwa asubuhi kabla ya kuwasha, mashine ikiwa mahali tambarare. Oili iwe kati ya alama mbili za kijiti. Ikipungua, hatari ya mwinamo huongezeka. Ikizidi, injini huivuta na kuiunguza.

Hewa, maji na dizeli

Vumbi ni jingi shamba linapolimwa kabla ya mvua. Chujio la hewa lenye oili husafishwa na kuwekewa oili mpya inapogeuka kuwa tope. Halijazwi kupita alama, kwa sababu mashine ikiinama oili hiyo inaweza kuvutwa ndani ya silinda. Injini ya dizeli inaweza kuitumia kama mafuta na kuzunguka kwa kasi bila kuzuilika, hata dizeli ikifungwa.

Katika injini zinazopozwa kwa maji ya tanki la wazi, mitikisiko humwaga maji, hivyo kiasi chake hukaguliwa mara kwa mara. Maji baridi hayamwagwi kwenye injini iliyokauka ikiwa moto, kwani chuma chaweza kupasuka. Dizeli nayo isiachwe kufika chini kabisa, kwa kuwa kwenye mwinamo bomba huvuta hewa na injini huzimika.

Mzigo na mishtuko

Moshi mweusi na mlio mzito ni dalili kwamba injini imeelemewa. Hapo hutumika gia ndogo na kina hupunguzwa. Shamba gumu hulimwa mara mbili, kwanza kwa kina kidogo.

Visiki huondolewa au kuwekewa alama kabla ya kulima. Plau inapogonga kisiki, mikanda huteleza kidogo na kupunguza mshtuko unaofika kwenye injini, hivyo haikazwi kupita kiasi. Nati zinazoshikilia injini hukaguliwa kila siku, kwa sababu mtikisiko huzilegeza.

Usalama wa dereva

Pawatila inaposhuka mteremko mkali, haitolewi kwenye gia. Klachi za kukatia kona nazo zinaweza kufanya kazi kinyume: dereva akibana ya kulia, mashine huenda kushoto. Kwa hiyo hushuka polepole kwa gia ndogo, na dereva huikata kona kwa kusukuma mikono ya usukani.