Sh200 Zako za Getini Zinaenda Wapi?

Muulize shabiki wa mpira Nyeri, Karatina au Nanyuki timu yake ni gani, na kabla hujamaliza swali atakutajia Arsenal au Man U. Hakuna ubaya. Lakini eneo la Mlima Kenya nalo lina klabu kwenye Ligi Kuu ya FKF: Murang'a SEAL, iliyopanda daraja mwaka 2023 pamoja na Shabana ya Kisii. Mwaka 2025 vijana hao walifika nusu fainali ya Kombe la FKF, wakatolewa na Gor Mahia. Na kutoka Nyeri si safari ya kulala njiani. Unashuka Karatina, Sagana, unaingia Murang'a, na jioni uko nyumbani.

Mambo ya kocha na nani aanze namba tisa tunayaacha kwa wenyewe. Sisi kazi yetu ni malipo, na leo tunataka kufuata zile soo mbili unazotoa getini mpaka tuone zinafika wapi. (Bei ya tiketi hubadilika kulingana na mechi. Hapa tunatumia Sh200 kama mfano.)

Anza na hesabu ya msimu. Ligi ina timu 18, kila timu inacheza mechi 34, na 17 tu kati ya hizo ni za nyumbani. Yaani kwa msimu mzima klabu inafungua geti lake siku 17. Siku zingine 17 ni za kutoa tu: basi la kwenda Mombasa kucheza na Bandari, Kakamega kwa Homeboyz, Kisii kwa Shabana. Mafuta, chakula, mahali pa kulala. Hata ukicheza nyumbani kuna ambulensi na walinzi, na bila ambulensi mechi haianzi. Mshahara nao hausubiri ratiba. Ligi ikisimama kupisha Harambee Stars, mwisho wa mwezi unafika vilevile na mchezaji ana landilodi kama wewe.

Pengo hilo huzibwa na mdhamini au mwenye timu. Na hapo ndipo watu wa mlima wana cha kukumbuka. Kulikuwa na klabu ya Nakumatt, iliyobeba jina la supamaketi iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini. Supamaketi ikaanza kuporomoka, timu ikabaki bila wa kuilipia, ikabadilishwa jina ikaitwa Mount Kenya United. Msimu wa 2018/19 ilimaliza mkiani mwa Ligi Kuu ikashuka daraja, huku malalamiko ya wachezaji kutolipwa mishahara yakiwa habari ya kawaida kwenye magazeti.

Je, pesa za getini zingeiokoa? Tuseme ukweli, hapana. Watu 1,000 wakilipa Sh200 kila mmoja ni Sh200,000, na ukishatoa ambulensi, ulinzi na posho hiyo hailipi kikosi kizima. Ila pesa hiyo ina sifa ambayo ya mdhamini haina: ni ya klabu yenyewe. Hakuna anayeamka siku moja akaandika barua ya kuiondoa. Pia ni ushahidi. Klabu inayoweza kuonyesha watu wangapi walilipa katika mechi zake zote 17 inaenda kwa mdhamini mpya na karatasi mkononi, wakati ile nyingine inaenda na hadithi.

Shida ni kwamba pesa taslimu ya getini haiachi karatasi. Inapokelewa na kijana wa kibarua, inawekwa mfukoni, mwingine anapitishwa kwa soo moja bila tiketi, halafu jioni zinahesabiwa juu ya meza huku watu watano wamesimama wakingoja posho. Hata wote wakiwa waaminifu kama malaika, kesho yake hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ziliingia ngapi.

Ukilipa kwa nambari ya Till au Paybill ya klabu, kila malipo yanabaki na kodi yake, saa yake na kiasi chake. Mhasibu anaona, mwenyekiti anaona, na wewe una ujumbe wako. Simu haimzuii mwizi kuwa mwizi, lakini inafanya kazi yake iwe ngumu.

Kuna ujanja mmoja ambao tunausikia sana, si kwenye mpira peke yake. Unafika getini, foleni ndefu, jamaa mwenye reflekta anakwambia, "Till iko chini, tuma kwa hii namba yangu." Hapo simama. Ukituma kwa laini ya mtu, pesa ni ya huyo mtu. Klabu haijui uliwahi kufika. Kweli mtandao hulemewa watu wakijaa mahali pamoja, na dawa yake ni rahisi: lipa ukiwa bado steji au nyumbani, sio getini dakika tano kabla ya kipenga. Kabla ya kuweka PIN angalia jina linalotokea. Ukitarajia jina la klabu na ukaona jina la mtu, ghairi.

Mfuko wako pia unafaidika. Kwa viwango vya M-Pesa tunavyovijua tukiandika haya, kulipa kwa Till hakumkati mteja kitu. Kutuma Sh200 kwa mtu ni Sh7. Kutoa Sh200 kwa ejenti ili ulipe keshi ni Sh29. Ukifanya hivyo kwa mechi zote 17 umetumia Sh493, ambazo ni tiketi mbili na chenji ya mutura. Viwango hubadilika, kwa hivyo hakikisha kwanza.

Kuhusu tiketi bandia, hapa Kenya tulipata somo mbele ya bara zima. Agosti 2025, wakati wa mashindano ya CHAN, watu walivamia mageti ya Kasarani. CAF ikaagiza mechi ya Harambee Stars na Zambia iwe ya tiketi za kielektroniki pekee, na mashabiki wasizidi asilimia 60 ya uwezo wa uwanja. Waliokuwa na tiketi halali za karatasi nao wakajikuta kwenye mkanganyiko huo. Kwa hivyo ukitumiwa linki ya tiketi kwenye grupu la WhatsApp, usiibonyeze kwa sababu tu ina nembo ya klabu. Nembo inakopiwa na mtoto wa darasa la sita. Nenda kwenye ukurasa rasmi wa klabu uchukue nambari hapo.

Kwa wale mnaosafiri kama kikundi kutoka Nyeri, matatu ya watu 14, mwekahazina akusanye mapema na apost orodha kwenye grupu: jina, kiasi, kodi ya malipo. Si kwamba hamumwamini. Siku simu yake ikiibiwa Karatina, nyinyi nyote mtajua nani alilipa.

Na mama, au wewe kijana unayeuza mayai na smokie nje ya uwanja: shabiki akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake, huo haujakulipa. Angalia simu yako. Ujumbe wa kweli unatoka kwa jina MPESA, si kwa nambari ya mtu, na salio lako linaongezeka. Timu ikishinda watu huwa na haraka na furaha nyingi, na hapo ndipo feki hupita.

Umekosea na umetuma kwa namba isiyo yako? Usimpigie mwenye namba kugombana naye. Kama ni M-Pesa, peleka ule ujumbe mzima wa malipo kwa 456 mara moja ili ombi la kurudishiwa lianze kushughulikiwa. Fanya hivyo kabla hajatoa hizo pesa, hata kama mechi imefika dakika ya 89.