Vipokezi vya Adrenajiki na Mwendo wa Utumbo wa Mifugo: Mfano wa Amitrazi katika Shinyanga na Geita

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kupe na ugonjwa wa ndigana kali huwalazimu wafugaji kuogesha ng'ombe wao au kuwanyunyizia dawa mara kwa mara. Miongoni mwa dawa zitumikazo nchini Tanzania ni amitrazi, ambayo ikiingia kwa wingi mwilini mwa mnyama husisimua baadhi ya vipokezi vya adrenalini. Makala haya yanafafanua jinsi vipokezi hivyo vinavyotawala mwendo wa utumbo, na yanaonyesha kuwa kutouelewa utaratibu huo kunaweza kumfanya mtabibu achague tiba inayozidisha madhara.

Mwaka 1948, Raymond Ahlquist alivigawa vipokezi vya adrenajiki katika makundi mawili, alfa na beta. Katika ukuta wa utumbo, makundi yote mawili kwa kawaida hupunguza mwendo, ila kwa njia tofauti. Vipokezi vya beta vilivyo kwenye misuli laini vikisisimuliwa, msuli wenyewe hulegea. Vipokezi vya alfa-2 vimo hasa katika ncha za neva zilizotandaa ndani ya ukuta huo, navyo huzuia neva kutoa asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ukaze. Mwaka 1969, Paton na Vizi walionyesha jambo hili kwa kutumia utumbo wa simbilisi. Kwa hiyo, msuli haujadhoofika. Amri ndiyo haijaufikia.

Kwa mnyama anayecheua, jambo hili lina uzito zaidi. Tumbo la kwanza la ng'ombe hujikaza takriban mara moja hadi mbili kwa dakika, kwa amri itokayo kwenye ubongo kupitia neva ya vagasi. Mikazo hiyo huchanganya malisho na kuiwezesha gesi kutoka kwa kuteuka. Ikikoma, gesi hukwama, tumbo huvimba na kubana mapafu, na mnyama aweza kufa.

Amitrazi iliyochanganywa na maji kwa kipimo sahihi huvumiliwa vyema na ng'ombe. Hatari hutokea mnyama anapokunywa dawa isiyozimuliwa. Kwa kuwa dawa hiyo husisimua vipokezi vya alfa-2, mnyama husinzia, mapigo ya moyo hupungua, joto la mwili hushuka, mboni hutanuka na tumbo hunyamaza. Sumu za jamii ya oganofosfeti, ambazo nazo hutumika kuua kupe na wadudu wa mazao, huleta picha iliyo kinyume: mate hutiririka, mboni husinyaa na mnyama huharisha, kwa kuwa asetilikolini imezidi. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita huna budi kuifikiria pia sayanidi itumikayo katika uchenjuaji. Hiyo kwa kawaida huua haraka, mnyama akihema kwa nguvu na kutetemeka.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua tiba. Atropini huokoa maisha penye sumu ya oganofosfeti kwa sababu huziba vipokezi vya asetilikolini. Ikitolewa kwa mnyama aliyedhuriwa na amitrazi, huondoa hata amri chache zilizosalia na kuliacha tumbo limesimama kabisa. Tiba inayolingana na chanzo ni dawa zinazoziba alfa-2, kama vile yohimbini na atipamezoli, pamoja na kuitoa gesi kwa mpira wa tumbo.

Punda, wanaobeba maji na kuvuta mikokoteni katika mikoa hii, wastahili tahadhari ya pekee. Kwa farasi, ambao ni jamaa zao wa karibu, amitrazi imeripotiwa kusababisha kinyesi kuganda katika utumbo mpana. Ndiyo maana haipendekezwi kwao. Kuwapitisha punda katika josho la ng'ombe lenye dawa hiyo ni kuwatia hatarini.

Kwa kuhitimisha, kabla ya kujaza sindano, mtabibu aweke sikio ubavuni kushoto, atazame mboni na kuuliza ni dawa gani iliyotumika joshoni. Tumbo lililonyamaza na tumbo linaloharisha havitibiwi kwa dawa moja.