Kofia za Bati Huokoa Mahindi

Mkulima hutoka jasho msimu mzima, kisha panya humwibia mavuno ghalani usiku naye amelala. Panya wa shamba huchukua mimba kwa siku 23 hivi tu, naye aweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Basi kumwua mmoja mmoja hakutoshi.

Yafaa ghala iinuliwe mita 1 kutoka chini, na kila mguu wake uvishwe kofia ya bati, mdomo ukitazama chini, ili panya apandaye azuiliwe. Fyekeni majani pande zote, wala msiache ngazi imeegemea ghala usiku. Sumu iliyotupwa ovyo huweza kumdhuru mtoto, hata paka mlinzi wenu. Tena shirikianeni na majirani, kwani panya hajui mpaka wa shamba.