Mapenzi Yaliyoitwa Balaa

Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Lakini kwa wafugaji wa Kisomali, kuanzia Garissa kwenye kingo za Mto Tana hadi Wajir na Mandera, mila ilimtaka kijana akifiche kikohozi hicho hata kama kinampasua kifua. Ndoa ilikuwa shauri la wazee wa koo mbili. Mahari, ambayo Wasomali huiita yarad, ilihesabiwa kwa ngamia, na asiyekuwa na ngamia hakuwa na la kusema. Kumtaja binti wa watu kwa jina katika shairi la mapenzi kulikuwa ni kumvunjia heshima yeye na jamaa zake.

Hebu basi, msomaji, tumtazame mtu aliyeuvunja mwiko huo, ambaye habari zake zinajulikana kila panaposemwa Kisomali. Huyo ni Elmi Boodhari, kijana maskini aliyefanya kazi katika tanuri la mikate huko Berbera, mji wa bandari uliokuwa chini ya Waingereza. Inasimuliwa kwamba binti aitwaye Hodan alifika kununua mkate, na Elmi akampenda papo hapo.

Elmi hakuwa na mali ila ulimi wake. Akatunga mashairi, akamtaja Hodan waziwazi. Kadiri mashairi yalivyoenea ndivyo mlango ulivyozidi kufungwa, kwani jamaa wangemwozaje binti yao kwa mtu aliyekwisha kumtangaza mjini? Ni yale yale yaliyompata Majnun wa Waarabu kwa ajili ya Leila. Hodan akaozwa mume mwingine. Elmi akadhoofika hadi akafariki, na watu wakasema ameuawa na mapenzi.

Jina lake halikuzikwa naye. Miaka michache baadaye, dereva wa lori Abdi Sinimo alianzisha nyimbo fupi za mapenzi ziitwazo belwo. Neno hilo lina asili moja ya Kiarabu na neno letu "balaa". Wazee na masheikh walizikemea, lakini vijana walizipokea kwa furaha. Kwa kuwa zilikuwa fupi, zilikaririwa upesi, zikasafiri na malori na kuimbwa mikahawani. Baadaye zilirefushwa, zikatiwa udi na ngoma, na redio ikazifikisha kwa wafugaji waliokuwa mbali na mji wowote. Mpaka uliowekwa na wakoloni haukuzizuia kufika Garissa, maana lugha ni moja.

Yako bado maswali. Je, Hodan mwenyewe alitaka nini? Mashairi yanamsifu sura, lakini hayatuelezi moyo wake. Elmi alilia hadharani. Yeye ilimbidi anyamaze. Huenda uchungu wake ulikuwa mkubwa zaidi, au huenda hakumpenda kijana yule hata kidogo.

Hadi leo katika arusi za Garissa akina mama hutunga buraanbur, mashairi ya wanawake, kuwasifu maarusi na koo zao. Wazee nao bado wana neno katika posa. Si vibaya, ndoa huunganisha watu wengi. Lakini kabla ya kuhesabu ngamia, mzazi mwenye busara na amuulize kwanza binti yake, kisha anyamaze, amsikilize.