Je, Wajua? Sigara haimtulizi anayetibiwa uraibu

Tanzania ilianza kutoa dawa ya methadoni kwa waraibu wa heroini mwaka 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mtu wa Singida anaweza kuipata Itega, Dodoma, chini ya Hospitali ya Mirembe. Ni takriban kilomita 240, na dozi kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu; si safari ya kwenda na kurudi kila asubuhi.

Kwa wengi wanaotibiwa, heroini huachwa, sigara hubaki. Husema inawaondolea mawazo. Kumbe kinachotulia ni arosto (mateso ya kuikosa) ya nikotini yenyewe, nayo hurudi muda si mrefu. Uchambuzi wa tafiti 26 uliochapishwa Uingereza mwaka 2014 ulionyesha kuwa walioacha kuvuta walipungukiwa na wasiwasi na sonona kuliko walioendelea, hata wenye maradhi ya akili.

Halafu kuna hili lisilosemwa sana: moshi wa sigara, wala si nikotini, hulifanya ini livunje upesi baadhi ya dawa za akili, kama olanzapini na klozapini. Mgonjwa anayetumia dawa hizo akiacha kuvuta ghafla, dawa huzidi mwilini. Daktari aambiwe mapema, aipime dozi upya.