Mapipa Angani, Malori Tunduma

Baada ya serikali ya walowezi ya Ian Smith kujitangazia uhuru Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, na Uingereza kuiwekea vikwazo vya mafuta mwezi uliofuata, Zambia, nchi isiyo na bahari iliyotegemea njia ya Rhodesia, ilijikuta imekatiwa mafuta. Uingereza ilituma ndege za Britannia za skwadroni 99 na 511, yaani vikosi vya jeshi la anga vya kubeba askari na mizigo, zikisafirisha mafuta kutoka Nairobi katika mapipa ya takribani lita 200. Tanzania, kwa uamuzi uliostahili heshima, ilikuwa imevunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza Desemba hiyohiyo kwa sababu ya suala hilo la Rhodesia.

Hata hivyo, ndege iliyochoma mafuta mengi ili kufikisha mapipa machache isingeweza kutosheleza migodi ya shaba ya Zambia. Mzigo mzito uliwaangukia madereva wa malori ya barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma mpakani, ambayo wakati huo sehemu yake kubwa haikuwa na lami na masika iligeuka tope, na madereva hao wanastahili kukumbukwa sawa na marubani. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi, na katikati ya miaka ya 1970 ikafuata reli ya TAZARA, inayovuka mpaka hapohapo Tunduma.